Mishono Inayolala Upande Wangu

17 Mei

Wifi,

Nilimpoteza mkataji wangu Jumatatu ya tarehe tatu mwezi huu, asubuhi, kabla chai haijapoa. Vitambaa vya sare za hoteli vilikuwa mezani, chaki imeshapita juu yake. Wewe ukavua aproni, ukaitundika kwenye msumari wako, ukasema, "Naenda kwa shangazi kupumzika." Nikadhani unatania. Nikakujibu, "Haya, nisalimie," nikaendelea kutunga uzi. Nilipoinua kichwa ulikuwa umeshavuka barabara na mkoba begani.

Leo ni wiki mbili. Simu yako imezimwa. Kaka yako nikimuuliza anasema, "Mwache mwenzako apumzike," halafu anaongeza sauti ya redio. Mume gani huyo, anayejibu kwa taarifa ya hali ya hewa? Ndiyo maana naandika. Barua nimempa karani wa mizigo wa basi la huko, ameapa itafika mkononi mwa shangazi.

Sasa nisikilize. Miaka kumi na tisa wewe unakata, mimi nashona. Wateja ndio waliotubatiza, wewe Mkasi, mimi Shoto kwa sababu ya mkono wangu. Tulianza na cherehani moja ya kuazima kwenye varanda ya mama yenu, naye akitufukuza kila akitaka kuanika nguo. Leo tuna ukumbi mzima, cherehani tisa na mafundi wanaotugombania wikendi. Hakuna aliyetushika mkono. Na katika muda wote huo mimi nimepumzika mara mbili, zote nilikuwa najifungua, na ile ya pili nilirudi na mtoto ndani ya kapu la mabaki ya vitambaa.

Kwa hiyo nieleze: umechoka nini ambacho mimi sikuchoka?

Mkataba wa pango unakwisha mwezi ujao. Mwenye nyumba anakuja Ijumaa ya tarehe ishirini na tano Juni, saa sita mchana, kuchukua mpya. Mkataba una mistari miwili ya sahihi, wako na wangu, kama siku zote. Mstari mmoja ukibaki mtupu, ukumbi anapewa yule muuza magodoro, ambaye ameshaupima kwa macho mara tatu akijifanya anaulizia suruali. Mimi nitabaki na kile chumba cha nyuma kinachotosha cherehani tatu na mtu mwembamba.

Sikuonei wivu. Nataka tu ujue picha ninayoiona: wewe umejinyoosha kitandani kwa shangazi, unaulizwa chai ya ngapi hiyo, na mimi hapa nina pini sita mdomoni.

Shoto


21 Mei

Wifi Shoto,

Barua imefika. Shangazi ameicheka sehemu ya hali ya hewa hadi akashika mbavu, nikajuta kumsomea.

Simu sikuizima ili nikukimbie. Niliizima kwa sababu kwenye simu huwa nasema ndiyo kabla hujamaliza kuomba, unalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Karatasi inanipa nafasi ya kusikia ninachofikiri mimi. Usinikasirikie kwa barua kuwa fupi. Nimejiwekea kiasi katika kila jambo, hata hili.

Kabla sijaondoka, mtu mmoja aliniuliza swali nikakosa jibu. Mimi, ambaye mteja akiingia tu najua kiuno chake! Nikaona nitafute mahali ambapo hakuna anayenijua kwa kazi yangu, nijiulize kwa utulivu ni nini hasa ninachokithamini, na je, siku zangu zinakwenda huko au zinakwenda kwingine.

Asubuhi namsuka shangazi nywele. Kichwa kizima kinanichukua siku mbili na hanilaumu. Natembea hadi kona ya shule na kurudi. Jirani alileta kitambaa nimkatie gauni, nikamwambia sitaweza. Nilisema hapana, Shoto, na paa halikuanguka. Mchana nina kazi yangu ndogo, naifanya kwa saa moja, kisha naiacha hata kama nimefika patamu. Hapo ndipo pagumu. Mkono unataka kuendelea, nami nauambia basi.

Mkataba sijausahau. Nipe muda kidogo. Mpe kaka yangu salamu, na usimbane sana.

Mkasi


25 Mei

Wifi,

Nimeisoma barua yako mara nne na kila nikiisoma huyo "mtu mmoja" anazidi kunenepa. Ni nani? Anafanya kazi gani, zaidi ya kuuliza watu maswali wakaacha meza zao? Mimi nimekuuliza maswali tangu hujaota mvi. Kitambaa kitatosha? Umekula? Huyu mteja wa shati la kijani unamwamini? Hakuna hata moja lililokufungisha mkoba.

Tena mwandiko huu si wako. Wewe unaandika kama unavyokata, mistari imenyooka hadi inaudhi. Hizi herufi zimelegea kama watu waliotoka harusini, moja kubwa, nyingine ndogo, zote zinaegemea kusikoeleweka. Unaandikiwa na nani? Kama wewe unasema na mwingine anaandika, basi na barua yangu ameisoma. Mwambie namsalimu, na aongeze bidii kwenye herufi ya "k".

Halafu "kazi yangu ndogo". Kazi gani? Ya nani? Umemnyima jirani gauni, basi saa hiyo moja ya mchana unampa nani?

Na hili la kujitunza usinifundishe, mimi pia najitunza. Naingia chooni, nafunga mlango, nahesabu polepole hadi ishirini. Nikifika kumi na mbili mtu anagonga kuuliza zipu nyeusi ziko wapi. Hayo ndiyo mapumziko yangu, na sikuhitaji basi kuyafuata.

Usiwe na wasiwasi juu yetu. Nimepata mkataji mpya. Mtanashati, amesomea, ana cheti chenye muhuri, anapiga miluzi akikata. Mafundi wote wa kike sasa wanakuja mapema bila kuambiwa. Nimempa meza yako. Nimempa na mkasi wako, ule mkubwa uliouzungushia kitambaa chekundu kwenye mpini. Anasema unamkaa vizuri sana mkononi.

Shoto


30 Mei

Shoto,

Nimejiwekea sharti la kutojibu nikiwa na hasira. Nimengoja siku mbili. Hasira bado ninayo, lakini karani wa mizigo kesho hafanyi kazi.

Umempa mkasi wangu?

Kile kitambaa chekundu nilikikata kwenye gauni la mama. Mpini ule umechongwa na gumba langu, hadi pana shimo. Na anapiga miluzi! Mtu anayepiga miluzi hasikii kitambaa. Kitambaa kikianza kwenda upande kinabadilisha sauti, nawe unajua, tumekaa kimya miaka mingapi tukisikiliza sauti hiyo? Amekaa kwenye kiti changu pia? Kile chenye mto?

Nilikuja huku kujifunza kuacha mambo yapite. La jirani limepita. La jogoo wa shangazi anayeniamsha usiku wa manane limepita. Hili la mpiga miluzi limegoma kupita.

Hakuna anayeniandikia. Aliyeniuliza swali ni mwanamke wa makamo ambaye hanitaki chochote, wala wewe hakujui. Siwezi kueleza zaidi kwa sasa.

Mama wa duka la dawa alipita juzi akitoka kumwona mwanawe anayesoma huku. Mvua ilimkuta mlangoni kwetu. Atakuletea salamu.

Mkasi


8 Juni

Wifi,

Salamu zimefika, na zimevaa koti.

Mama wa duka la dawa aliingia jana, akajizungusha mbele ya kioo kama msichana wa miaka kumi na saba. "Shoto, ona wifi yako alivyonivika! Nilikuwa natetemeka kwa mvua, kalivua mwilini kanipa, kasema nisirudishe. Nikazie tu hiki kifungo cha chini." Koti la sufu nyepesi, rangi ya majivu. Nikashika bega tu, nikajua. Bega la nyuma limezidi la mbele kidogo sana, ili mshonaji alikusanye taratibu kwa vidole na koti limkae mtu kama alizaliwa nalo. Hakuna mwingine anayekata bega hivyo. Nimemwonyesha mpiga miluzi mara tatu, anadhani ni kosa la kupima.

Nikamwambia mama wa watu aliache hadi kesho. Akatoka, nikafunga mlango, nikaligeuza ndani nje.

Bitana imeshonwa kwa mkono. Mshono wa mtu wa kulia unalala upande mmoja, wa kwangu unalala upande wa pili. Mwaga nguo mia moja mezani, yangu nitaitoa nikiwa nimefumba jicho moja. Na mishono ya koti hili, wifi, imelala upande wangu. Wala si yangu.

Nikachukua kifumulio. Nilianza na pindo, nikasema nitaishia hapo. Nikapanda. Nikafumua bitana hadi kwapani kutafuta sijui nini, labda jina lake. Ndani nikakuta kingo za kitambaa zimetafunwa kama na panya, na hapo, sikufichi, nilifarijika kidogo. Mimi hujawahi kunikatia ovyo hivyo. Huyo mwenzangu unampa haraka haraka.

Basi hiyo ndiyo kazi ndogo ya mchana. Umepata mshonaji. Ungepata wa kulia ningesema ni biashara, kila mtu ana tumbo. Lakini ukaenda ukatafuta wa kushoto! Mji ule una mafundi wangapi, na wangapi kati yao wanashika sindano kwa mkono huu? Huyo hakuokotwa njiani, alitafutwa. Ulitaka mimi mwingine, asiye na kelele. Ana miaka mingapi? Ana mwendo kunizidi? Anajua kwamba ukinyamaza ghafla ni kwamba umekosea hesabu na hutaki kuulizwa? Mimi ilinichukua miaka mitatu kujua hilo.

Unajiuliza unathamini nini. Mimi jibu nimelipata ndani ya bitana.

Pumzikeni vizuri, wewe na mwenzako.

Shoto


13 Juni

Wifi,

Hakuna mshonaji mwingine. Ni mimi.

Mkono wangu wa kulia unakufa ganzi, gumba na vidole viwili vinavyolifuata. Ulianza mwaka jana kwa kudondosha pini. Nikasema ni uzee. Halafu ukaanza kuniacha katikati ya kitambaa: nabana mkasi, haubani. Ile kola ya suti ya bwana harusi, niliyosema imeliwa na panya, niliiharibu mimi, nikaisukumia chini kabisa ya mfuko wa takataka. Siku moja kaka yangu alinikuta kwenye ngazi za nyuma nimeubeba mkono kama mtoto mchanga, akanipeleka hospitali. Nilimwapisha asikuambie. Usimgombeze sana. Nadhani ile redio ni mateso yake.

Pale hospitali yuko mama mmoja wa mazoezi ya viungo. Aliuminya, akaupindua, akaniuliza, "Huu mkono unautaka wa nini?" Nikamwambia wa kukatia. Akasema, "Hiyo ni kazi yako. Nakuuliza wewe." Nikashusha mkono wa blauzi, naye akaita mgonjwa mwingine. Kabla sijatoka akaniambia nikiendelea na mkasi ule kila siku mkono utakwisha kabisa, na kwamba mazoezi atanipa, kwenye maji ya uvuguvugu nitautia, lakini nisipojua ninautunza kwa ajili ya nini nitachoka wiki ya pili na kurudi nilikokuwa.

Nilichokipata huku si kikubwa, usitarajie hotuba. Nataka kumsuka shangazi mwenyewe, maana yeye ndiye aliyetusuka sisi, na sitaki ifike siku nimlipe mtu. Nataka kumaliza kitu kimoja bila kukimbizwa. Na sitaki kuwadanganya watu wangu. Hilo la tatu nimekuwa nikilivunja kila nikikuandikia, ndiyo maana barua zilikuwa fupi. Natia mkono kwenye maji, natulia, halafu nakumbuka nimekuficha, na bega linapanda tena hadi sikioni.

Unauliza kwa nini nilikuficha. Unamkumbuka fundi wa vifungo? Macho yalipoanza kumsumbua ulimpigia hesabu za haki zake, hukumpunja hata kidogo, ukampa bahasha aondoke kabla ya chai. Kisha ukanigeukia ukasema, "Jicho likishaanza halirudi." Mimi nilikuwa nimesimama karibu yako, mkono nimeuficha ndani ya aproni.

Koti ni langu, Shoto. Nimevisha mji mzima na sijawahi kujishonea hata kizibao. Niliona nianze na hilo, kwa mkono uliobaki. Kingo zimetafunwa kwa sababu mkasi wa kulia ukishikwa na mkono wa kushoto unatafuna kitambaa. Wewe mwenyewe uliniambia siku ya kwanza kule varandani, ndiyo maana tukagawana kazi, nikate mimi, ushone wewe. Na kushona hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nafumba macho nauona mkono wako unavyokwenda, nami nafuata. Mwandiko huu nao ni wa kushoto, herufi ya "k" naifanyia bidii.

Nililivaa siku mbili tu. Ya tatu ikanyesha, nikamwona mama wa watu anatetemeka, nikalivua kabla sijafikiri. Shangazi akaniangalia akasema, "Wewe ugonjwa wako si mkono." Na sasa nawe umelifumua.

Kuhusu mkataba: siwezi kuweka sahihi ya mkataji. Kama mstari ule ni wa mkataji, mpe mpiga miluzi. Ila naomba unirudishie mkasi wangu, hata kama siwezi kuutumia.

Mkasi


19 Juni

Wifi,

Nilimzimia kaka yako redio. Nilichomoa waya ukutani nikaukalia. Alisema yote, hadi rangi ya ngazi ulizokuwa umekalia. Tangu hapo ananipikia chai bila kuombwa na mimi nakunywa bila kushukuru.

Mkono wako umeniuma, usifikiri mimi ni jiwe. Lakini nitakuambia kilichoniuma zaidi, kwa kuwa wewe umesema yako. Kaka yako alijua. Shangazi alijua. Yule mama wa hospitali alijua. Jirani aliyenyimwa gauni alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi, niliyekaa mkabala nawe mkono ukifa mbele ya macho yangu nikawa natazama kitambaa. Nina wivu. Haya, nimeandika, shangazi asome. Nina wivu na kila aliyeushika mkono huo kabla yangu. Nina wivu na saa yako moja ya mchana, nina wivu na kona ya shule unayotembea hadi ukageuka. Na nilipojua kwamba yule mshoto mwingine ni wewe, wivu haukuondoka, ulihama tu. Sasa nakuonea wivu wewe, mtu niliyekuwa nadhani ninaye, kumbe una upande nisiokuwamo.

La fundi wa vifungo umenipiga nalo penyewe. Nilikwenda kwake Jumatano. Alifungua nusu ya mlango. Nikamwambia hesabu nilipiga sawa, ila nilimhesabia kitu kisichohesabiwa hivyo. Akaniuliza, "Umeleta bahasha nyingine?" Akafunga. Nitarudi. Safari ijayo sitaenda mikono mitupu na maneno ya kupanga.

Mkasi wako haujaguswa na mtu. Uko kwenye droo ya chini ya cherehani yangu, umefungwa, na ufunguo niko nao shingoni. Mpiga miluzi yupo kweli, cheti anacho kweli, lakini anakata kwa mkasi wake aliotoka nao kwao, na anakaa kwenye kigoda. Kiti chenye mto nimekiweka juu ya kabati asikifikie. Nilikuandikia vile ili uumie. Uliumia, nikafurahi siku nzima, kisha nikaona aibu. Sare za hoteli zilichelewa. Nikawapigia nikaomba wiki moja, wakasema sawa. Wiki nzima, wifi! Tangu varandani sijawahi kuomba hata siku. Kumbe huombwa tu, na mtu anasema sawa.

Nimejiuliza lile swali la mama wa hospitali. Niliingia chooni, nikapita kumi na mbili, nikapita ishirini, wakagonga nikawaambia zipu watafute wenyewe. Mikono yangu naitaka ya nini? Jibu nililotoka nalo linaniudhi, maana halina faida yoyote ya biashara. Naitaka ishone ulichopanga wewe. Ningejua mapema ningekutazama vizuri zaidi.

Sasa mimi si mtu wa kulia bila mpango, kwa hiyo sikia. Utakuja asubuhi, mchana unaondoka, na nikikuona unazubaazubaa mlangoni nitakutoa nje mwenyewe. Alama za chaki utaweka kwa mkono wa kushoto, hata zikienda kama mwandiko wako, tutazisoma. Kukata atakata mpiga miluzi, nawe umkalie kando hadi ajifunze lile bega na miluzi imkauke. Mkasi mkubwa hutaugusa. Ukiugusa nitakupiga rula, wifi au si wifi. Siku ya hospitali mimi ndiye nitakayekupeleka. Kaka yako zamu yake imekwisha. Nitakaa kwenye benchi nimwone huyo mwanamke kwa macho yangu. Na ukiwa unataka kwenda kumsuka shangazi, utakwenda, hutaniaga na mkoba ukiwa tayari begani. Utaniambia wiki moja kabla nami nitasema sawa, kama watu wa hoteli.

Mama wa duka la dawa nimemwambia koti lile halitoki. Namshonea jingine la kijani, kizuri zaidi ni kwamba halipi, kwa hiyo ameacha kulalamika. La kwako liko kwenye msumari wako, juu ya aproni. Nilishika sindano nilirudishie pindo. Ingekuwa kazi ya muda mfupi tu, na mishono ingelala kulekule, hata wewe usingejua ipi yako ipi yangu. Nikaona hapana, hili mtu alijishonea mwenyewe kwa mara ya kwanza, na mimi nimeshaweka mkono wangu mahali usipotakiwa. Nimelishikiza kwa nyuzi ndefu za muda, lisiburuzike. Njoo ulimalize mwenyewe. Ila nikwambie ukweli wa fundi: kwapani mishono yako imelegea. Unavuta uzi kwenda chini, unatakiwa kuuvuta ukujie kifuani. Hilo haliwezi kuonekana ukiwa umekaa mkabala nami. Linaonekana ukikaa upande wangu wa meza, na kiti nitakishusha kabatini.

Nimeagiza mkasi wa kushoto. Kumbe inatengenezwa, sikuwahi kuuliza. Ni mwepesi, si wa kukatia sare, ni wa kukatia kitu kimoja kimoja bila kukimbizwa. Nimeagiza mmoja tu, kwa makusudi. Tutaugombania.

Mwenye nyumba anakuja Ijumaa hii, saa sita mchana. Ule mstari wa pili hauhusu mkataji, nimeusoma upya, umeandikwa jina lako tu. Ukisema hapana, nitasaini chumba cha nyuma peke yangu, na mkasi wako utakufikia kwa basi la Jumamosi ukiwa umefungwa kwenye kitambaa chake chekundu, bila neno baya. Ukisema ndiyo, muuza magodoro akapime pengine.

Sitaki habari za shangazi, wala za mvua, wala "nipe muda kidogo". Unarudi au hurudi? Jibu liwe mezani kwangu kabla ya Ijumaa saa sita. Neno moja linatosha, na uliandike kwa mkono wa kushoto, nijue hujaandikiwa na mtu.

Shoto